Mleta Maneno Asimame Mbele

Akina mama, shikamooni. Mabinti, nyie hamjambo? Mkiitikia kwa nguvu nitajua hamjalala. Wa kanisani na wa msikitini nawasalimu kwa pamoja, salamu moja, bei moja.

Mwenyekiti alinipa dakika kumi. Nikaomba ishirini. Akasema kumi. Nikamwambia, mama mwenyekiti, mtu hawezi kuanguka na kuinuka ndani ya dakika kumi, labda leo niwaangukie tu, kuinuka mje kusikia mwaka ujao. Tukafungia kumi na tano, na chai nikimaliza. Kwa hiyo mnaochungulia saa msijifiche, hata mie naichungulia.

Majina sitaji. La shule sitaji, la mtu sitaji, hata mkinibembeleza. Wengine bado tunasalimiana sokoni.

Ndugu zangu, mie nimekulia Keko, katikati ya makochi. Baba yangu ni fundi seremala, banda lake liko kando ya barabara, na tangu nina miaka michache kazi yetu ilikuwa hivi: yeye anapiga randa, mie naongea na wateja. Nilijua kutaja bei ya kitanda kabla sijajua kuandika jina langu. Baba alinifundisha mambo mawili. La kwanza, bei haishuki kabla haijaombwa. Mteja akinyamaza, na wewe nyamaza. La pili, mteja mjanja hashangai kochi kwa juu. Analipindua. Kwa juu ni kitambaa na maua, kila mtu anapendeza kwa juu. Chini ndiko utakuta kama fundi katumia mbao au katumia maboksi ya matunda na gunia.

Sasa mtoto aliyelelewa hivyo, nani angemwibia? Ngojeni.

Nilipoingia kidato cha pili baba akamaliza nyumba yetu Goba. Kumaliza ni neno la heshima. Tulihamia na mapazia kabla ya madirisha. Lakini ilikuwa yetu, kilimani, upepo mwingi, mama akawa anaamka asubuhi anasimama mlangoni anaiangalia tu Goba kama kaitengeneza yeye. Nami nikapelekwa shule mpya, katikati ya mwaka, wakati kila mtu ameshapata wa kukaa naye.

Nyie mliowahi kuhamia shule mnajua ile siku ya kwanza. Mapumziko yakafika, nikasimama karibu na bomba nikijifanya nanawa mikono. Nimenawa mpaka vidole vikakunjamana. Ndipo akaja. Nitamwita Shosti, maana ndivyo alivyotaka tuitane. Mrefu, kicheko kizuri, sketi imenyooshwa mpaka unaweza kukatia mkate.

"We mgeni, umetokea wapi?"

"Keko."

"Keko ya makochi?" Akacheka. "Usiseme Keko hapa. Sema Temeke. Hapana, subiri, sema Kinondoni."

"Lakini sijawahi kuishi Kinondoni."

"Nani atakuja kukupima? Njoo ukae na sisi."

Ndugu zangu, nawaambia, kile kiti alichonisogezea siku ile kilikuwa kitamu kuliko kiti chochote baba yangu alichowahi kutengeneza. Sikukipindua. Mie mtoto wa Keko, nilikaa.

Na nisimsingizie, mwanzoni ilikuwa raha. Alinifundisha mwalimu gani anauma na yupi anabweka tu. Nikichelewa alinishikia nafasi kwenye foleni ya mihogo. Alikuwa akiigiza sauti za walimu mpaka tunalia machozi. Msije mkafikiri mtu wa aina hii anakuja na pembe kichwani. Angekuja na pembe nisingehitaji kusimama hapa.

Siku moja tumekaa nyuma ya darasa akaniambia, "Mashosti wa kweli wanabadilishana siri. Anza wewe."

Mie, mfanyabiashara mzima, nikatoa mzigo kabla sijaona wa mwenzangu. Nikamwambia kwamba baba, zaidi ya vitanda na makochi, akipata oda anatengeneza na majeneza. Na kwamba nilipokuwa mdogo, jua la mchana likizidi pale bandani, alikuwa ananitandikia maranda ndani ya jeneza ambalo halijaisha, anaweka kanga ya mama juu, nalala humo. Kulikuwa na kivuli, na mbu hawafiki. Wateja walikuwa wakinikuta wanashika vifua.

Shosti akasikiliza yote. Nikamwambia, haya, zamu yako. Akafikiri, akaniambia siri yake: hapendi bamia.

Mnacheka. Mie sikucheka. Nilimshukuru.

Basi, baada ya hapo bei ikaanza kupanda. Kidogo kidogo, kama nauli. Nisikae na fulani, ana kiherehere. Nisijibu swali darasani kama yeye hajanyoosha mkono, nitamfanya aonekane mjinga. Nikicheka kabla yake, ananigeukia: "Nini kinachochekesha?" Na nikikosea, ananuna. Nyie mnajua kununiwa. Yeye akinuna, kundi zima linanuna, kama taa za mtaa umeme ukikatika. Nafika nawasalimia, wanaongea juu ya kichwa changu. Hapo ndipo nabembeleza. Niliomba radhi kwa makosa ambayo mpaka leo sijui ni yapi, na akinisamehe nafurahi siku nzima kama nimepewa zawadi. Mie ambaye nikiwa na miaka minane nilimfukuza mteja mwenye gari kwa sababu aliita kabati letu "kasha".

Nyumbani waliona. Mama aliona nakonda, sili, siongei, jioni nakaa na sare mwilini mpaka giza linaingia. Akanipa dawa ya minyoo. Sikupona, akanipa tena. Mama, nakuona umekaa pale, sikulaumu. Minyoo imekufa yote, tatizo halikuwa lao.

Kilichokuwa kinaondoka ni mdomo wangu. Baba akawa ananichukua kwenda bandani Keko Jumamosi, mteja anauliza bei, mie namwangalia baba. Siku moja mteja kaondoka na stuli kwa bei aliyojipangia mwenyewe. Baba hakunigombeza. Aliishika randa yake akaisimamisha, akaniangalia, akaendelea. Hiyo ilinichoma kuliko fimbo.

Sasa, darasani kwetu kulikuwa na msichana mmoja mkimya. Namwita Mkimya, na yumo humu ndani, naomba msigeuke. Alikuwa anakaa peke yake dirishani, anasoma, anakula mihogo yake, hana ugomvi na mtu. Shosti hakumpenda. Mtu asiyehitaji kiti chako anakera sana kama biashara yako ni viti.

Jumatano moja Shosti akaja kwangu amebadilika uso. "Shosti, nikwambie kitu? Lakini usilie."

"Nini?"

"Yule Mkimya anakutangaza. Anasema mmetoka kwenye kuuza majeneza. Anasema kitanda unacholalia ni mbao za jeneza lililorudishwa, na wewe mwenyewe ulikuwa unalazwa humo kama maiti. Darasa zima linajua."

Nilihisi masikio yanawaka. Kweli, ile siku nzima nilikuwa naona watu wanabana pua nikipita.

"Tunamsuta," akasema. "Ijumaa, kengele ikilia, kule nyuma ya uwanja. Wote tutakuwepo. Wewe ndiye utakayeanza, maana wewe ndiye uliyetukanwa. Usipoanza, basi na mie sina rafiki."

Kwa waliokuja Dar juzi: kusuta ni pale mtu akikusengenya, wanawake wanajikusanya, wanamfuata mpaka alipo, wanamweka kati na makofi na vigelegele, wanamwuliza mbele ya watu, ulisema au hukusema? Mtu akishasutwa anaweza kuhama mtaa. Na mtoto akisutwa shuleni, nani anamhamisha? Anaacha shule, basi. Hilo nililijua. Na nililijua vizuri kwa sababu shangazi yangu, dada yake baba, enzi zake Temeke alikuwa anaitwa kuongoza misuto kama watu wanavyomwita fundi bomba.

Na kwa bahati, Alhamisi ile shangazi alikuja Goba kutusalimia. Jioni akaniwekea kichwa mapajani nimfumue nywele. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwambia, "Shangazi, nifundishe makofi ya msuto."

"Ya nini?"

"Kujua tu."

"We mtoto, mtu hajifunzi kuchimba kaburi kwa kujua tu. Unamsuta nani?"

Nikamwambia. Si yote, ila ya kutosha. Nilitegemea atafurahi, fani inaendelea kwenye ukoo. Badala yake akauliza, nami nafumua:

"Nani kakuletea hayo maneno?"

"Rafiki yangu."

"Basi huyo atasimama mbele, pembeni yako, atasema mwenyewe."

"Hapana, ninaanza mie."

Akaninyanyukia, nusu kichwa kimefumuliwa, nusu bado mabutu. "Nisikilize. Msuto una taratibu zake, si ugomvi wa nzi. Mleta maneno asimame mbele. Aseme kasikia wapi. Huyo naye aseme kasikia wapi. Maneno yanarudishwa kwa njia ile ile yaliyojia mpaka yamfikie mwenyewe. Mleta maneno asiposimama, hapo hamna msuto. Hapo kuna watu kumi wanamwonea mmoja." Akalala tena. "Halafu mwanangu, hayo ya kulala kwenye jeneza, hapa Goba nani anayajua?"

Mnanijua, mie kitu nakihesabu mara mbili. Nikahesabu niliowaambia. Mmoja. Nikarudia hesabu tangu mwanzo. Mmoja.

"Vuta taratibu," shangazi akasema, "hicho ni kichwa, si katani."

Usiku ule sikulala. Mngefikiri nilikuwa na hasira. Ndugu zangu, nilikuwa natafuta namna ya kuhesabu ili nipate wawili. Nilitaka sana awepo wa pili. Maana kama ni mmoja, basi kesho nachagua: nimharibie maisha mtu asiye na kosa, au nibaki shuleni peke yangu.

Ijumaa kengele ikalia. Kule nyuma ya uwanja tulikuwa wengi, na waliokuja kuangalia wakatuzidi. Mkimya wamemleta, amekumbatia begi lake kwa mikono yote miwili, anaangalia viatu. Makofi yakaanza. Shosti akanisukuma mgongoni, kwa upole kabisa.

"Haya shosti. Anza."

Nikafungua mdomo. Nikasikia sauti inatoka, na ilikuwa ile yangu ya Keko, ile ya kuitia wateja walio ng'ambo ya barabara.

"Mleta maneno asimame mbele!"

Makofi yakakatika.

"Nini?" Shosti akasema.

"Uje usimame hapa pembeni yangu. Umesema huyu kanitangaza. Sema mbele yake, ulimsikia wapi?"

"Shosti, unanizingua. Anza bwana."

"Siwezi kuanza bila wewe. Ndiyo taratibu. Ulimsikia kwa masikio yako?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

Akaangalia huku na huku, akamnyooshea kidole mmoja wa kundi letu. Yule binti akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Mie? Mie si umeniambia wewe! Juzi, pale bombani!"

Watu wakaanza kuguna. Nikamgeukia Mkimya, nikamwuliza, ulisema au hukusema? Akainua kichwa. Ndiyo mara ya kwanza namsikia akisema sentensi nzima.

"Mie hata kazi ya baba yako siijui. Nilikuwa najua anauza mafuta ya taa."

Kicheko kikapita pale kama upepo. Na Shosti, alipoona kicheko hakimwendei Mkimya, akatoa silaha aliyobaki nayo. Akapaza sauti, kila mtu asikie: "Kwani uongo? Si uliniambia mwenyewe? Ulikuwa hulali kwenye jeneza wewe?"

Wote wakanigeukia. Siri yangu niliyoilipia kwa miezi yote ile, niliyobembelezea, niliyokondea, imewekwa chini mchangani, kila mtu anaiona. Na ndugu zangu, nilipoiangalia pale chini, nikaona ni kitu kidogo. Ni mtoto amelala kivulini kwa sababu baba yake hataki apigwe na jua.

Nikasema, "Kweli. Nilikuwa nalala. Na nililala vizuri."

Sijui nani aliyeanza kucheka, lakini hakuwa ananicheka mie. Watu wakaanza kuchukua mabegi yao. Msuto ukafa hivyo hivyo. Shosti aliondoka na kundi lake, hakugeuka.

Sasa msinipigie vigelegele, bado. Jumatatu kundi zima lilininunia, na safari hii hakukuwa na wa kubembeleza. Nilirudi pale pale bombani, nikanawa mikono yangu. Nilijua bei yake kabla sijanunua, kwa hiyo sikulalamika, lakini iliuma. Siku zikapita hivyo. Mpaka mchana mmoja nikasikia mtu kasimama nyuma yangu. Mkimya, na mihogo kwenye gazeti, pilipili ya kumwagika.

Akaniuliza, kwa sauti yake ile ya chini, "Eti, jeneza lina mto?"

Nikamwambia, "Kanga inakunjwa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la mtihani, akanigawia mihogo. Hakuniuliza nimetoka wapi. Hakuniambia niseme Kinondoni. Na sikuwahi kuomba radhi kwake kwa jambo nisilolijua, ila kwa yale ninayoyajua tu, na hayo yapo, ninayo mengi.

Nyumbani nilisimulia siku ile ile ya Ijumaa. Mama alilia, akasema, "Na mie nilikunywesha dawa chungu bure." Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza mikono yake akaiangalia. Mie nikaogopa, nikajua nimemwaibisha, nimetangaza majeneza yake kwa shule nzima. Akasafisha koo.

"Ulilala vizuri kweli?"

"Ndiyo, baba."

"Lile lilikuwa la mninga," akasema. "Mbao safi kabisa."

Jumamosi iliyofuata mteja alikuja anataka stuli. Baba aliendelea na randa yake, bei nikaitaja mie. Yule mteja bado ananilaani mpaka leo.

Basi, shukrani zangu. Shangazi yangu, ambaye leo hakuja kwa sababu ya magoti, lakini ujumbe ataupata, tena kwa njia ile ile. Mama yangu pale. Baba yangu, ambaye hakunifanya nione haya kwa kazi ya mikono yake. Aibu niliikuta kwa watu. Na Mkimya.

Na mabinti, fundisho nililonalo ni hili, na mpatane nalo mtakavyo. Rafiki mpindue. Si kwa ubaya, mpindue tu uone chini. Akikuletea maneno ya mtu, mwambie twende wote tukaulize. Mwenye urafiki atakwenda. Na ukijiona umeanza kuomba ruhusa ya kucheka, mtafute mtu mzima umwambie yote, usimwambie ya kutosha tu kama nilivyofanya mie. Akina mama, mtoto akikonda, mpeni dawa ya minyoo, sawa. Halafu mkae naye.

Limebaki moja, na muda upo, nimeuhesabu.

Mwaka jana nipo bandani Keko, siku hizi sehemu ya mauzo ni yangu, akasimama dada mmoja mrefu anaangalia vitanda. Sketi imenyooshwa. Nilimjua kabla hajageuka. Naye akanijua. Tukasalimiana, mambo, poa, kisha wote wawili tukageukia vitanda.

"Naolewa," akasema mwisho. "Natafuta kitanda."

"Hongera."

Akawa anapitisha mkono juu ya kimoja, taratibu, hanitazami. "Hiki ni kizuri."

"Kwa juu," nikamwambia. "Shika huku, tukipindue."

Akashika upande wake, nami wangu. Tukakipindua pale barabarani, akainama akaangalia chini, mbao kwa mbao. Akiwa bado ameinama akasema, "Mie nilikuwa mtu wa ajabu sana kwako."

"Ulinishikia foleni ya mihogo," nikasema. "Na hilo nalihesabu."

Akainuka, akafuta macho kwa kiganja kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Vumbi lipo kweli, ni Keko. Akauliza bei. Nikataja. Akanyamaza.

Na mie, ndugu zangu, mbele ya baba yangu mwenyewe, nikaishusha.

Nyuma yangu msasa ukaacha kulia. "Hajaomba," baba akasema.

"Najua, baba."

Kumi na tano zimetimia. Mwenyekiti, naomba chai yangu. Anayeshika chupa ndiye niliyesema msimgeukie, lakini sasa ruksa. Sukari yangu anaijua.